Kuifuata petroli kutoka kwenye mfuniko hadi kwenye plagi

Pikipiki ya baba yangu ni Honda CG125 ya zamani, ambayo aliinunua ikiwa tayari imetumika, wakati alipokuwa bwana shamba akizunguka kwa wakulima wa kahawa wa Uru na Kibosho. Alipostaafu iliegeshwa kwenye banda nyuma ya nyumba, ikafunikwa turubai, na ikakaa hapo miezi 14 bila kuwashwa. Julai ya mwaka jana alinikabidhi funguo na kuniambia kwamba nikiiacha izeeke pale nitakuwa nimeiua mimi wala si miaka yake. Nilibadilisha oili, betri na tairi la nyuma, nikaiwasha, na kwa wiki mbili nikaenda nayo kazini na kurudi, kutoka Rau hadi katikati ya Moshi, bila tatizo lolote. Niliamini kazi imekwisha.

Jumamosi ya wiki ya tatu nilijaza tanki Himo na kuanza kupanda kuelekea Marangu. Baada ya kilometa kama sita nguvu ilianza kupungua taratibu, kana kwamba kuna mtu ameshika kiti cha nyuma na kukivuta. Niliongeza resi, ikazidi kudhoofika; ikakohoa mara mbili na kuzima. Nilipiga kiki hadi mguu ukachoka. Nikakaa pembeni mwa barabara, chini ya mgomba wa watu, kwa muda wa dakika 10 hivi, kisha nikajaribu tena, ikawaka kwa kiki ya kwanza na kutulia kama kwamba hakuna kilichotokea. Nikapanda, ikazima tena mbele kidogo. Hivyo ndivyo nilivyofika Marangu Mtoni siku ile, kwa kuzima na kusubiri mara nne.

Makosa niliyoyafanya katika wiki zilizofuata ni yale yale ninayoyaona kwa vijana wengi wanaomiliki pikipiki za zamani, na kila kosa lilikuwa na gharama yake. Kila niliyemweleza alinijibu neno moja: kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Sikumuuliza hata mmoja amejuaje. Nilikwenda kwenye duka la spea nikanunua kabureta mpya ya Kichina ya aina ya PZ27, ambayo hupatikana kirahisi kwa sababu pikipiki nyingi za bodaboda zina injini zilizotokana na muundo huu huu wa CG, ule ambao Honda waliutoa katikati ya miaka ya 1970 wakiwalenga watu wa nchi kama zetu, wenye barabara mbovu na mafundi wachache. Niliifunga mwenyewe. Nikabadilisha na plagi. Nikarudi Himo, nikajaza tanki, nikapanda, na pikipiki ikazima karibu mahali pale pale.

Hapo nikaanza kukishuku kituo cha mafuta. Shaka hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa nchi hii imewahi kuteseka sana na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Ndiyo maana mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba (alama ya kutambulisha) kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kwa kiasi kikubwa ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida iliyokuwa ikiwavuta wachanganyaji. Lakini shaka hupimwa, na kipimo chake cha nyumbani ni rahisi. Nilidondosha tone la petroli ile kwenye karatasi nyeupe na tone la mafuta ya taa pembeni yake. Petroli ilikauka bila kuacha alama ya maana, wakati mafuta ya taa yaliacha doa la mafuta lililokuwa bado linaonekana jioni. Kituo kile hakikuwa na hatia, na nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu watatu wasijaze pale. Nilirudi kwa wote watatu kuwaambia nimekosea.

Fundi aliyenifungua macho ana kijiwe chake upande wa Pasua, mzee ambaye alianza kazi hii wakati pikipiki mjini Moshi zilikuwa za kuhesabika. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yote, na kabla sijamaliza akaniuliza: "Mwalimu, ilipozima plagi ilikuwa imelowa au kavu?" Sikuwa najua. Akaniuliza kama niliifungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, mahali petroli inaposubiri kabla ya kuingia kwenye injini, ili kuona kama kuna petroli ndani. Sikuwa nimeifungua. Akaniambia nirudi barabarani na spana ya plagi, bisibisi na chupa tupu, na nisimletee pikipiki hiyo mpaka niwe na majibu.

Nilichukizwa kidogo, nakiri, lakini alikuwa na haki kamili. Pikipiki iliyokwisha kuwaka tena haina ushahidi wowote wa kilichoizima. Dakika 10 zile nilizokuwa nimekaa chini ya mgomba ndizo pekee ambazo ugonjwa ulikuwa wazi, na mimi nilizitumia kupumzika. Injini inahitaji mambo machache ili iwake: mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, cheche ya moto kwa wakati wake, na mchanganyiko wa petroli na hewa unaoweza kushika moto. Iliyozima ghafla, kama taa, mara nyingi imepoteza umeme. Iliyodhoofika polepole huku ikikohoa mara nyingi imekosa petroli. Plagi huthibitisha. Ikitoka imelowa na kunuka petroli, basi petroli inafika na tatizo liko kwenye cheche, au petroli inazidi. Ikitoka kavu baada ya kupiga kiki mara nyingi, petroli haifiki kabisa. Ukitaka kuiona cheche, usiigusishe plagi kwenye injini karibu na tundu lake wala karibu na kabureta uliyoifungua, kwa maana mvuke wa petroli hausubiri mtu amalize kupima.

Jumapili nikarudi Himo, nikajaza, nikapanda. Ilipoanza kudhoofika sikuongeza resi. Nilikamata klachi, nikazima injini, nikasogea pembeni. Plagi ilikuwa kavu. Nikaifungua skrubu ya chini ya bakuli, na kilichotoka hakikujaza hata kifuniko cha chupa. Bakuli lilikuwa tupu huku tanki likiwa limejaa na koki ikiwa wazi. Nikaifunga skrubu, nikafungua mfuniko wa tanki ili nitazame ndani, na hapo nikasikia kitu ambacho ningekisikia wiki nne nyuma kama ningekuwa mtulivu: sauti ya hewa ikivutwa kuingia ndani, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno yaliyofumbata. Baada ya nusu dakika niliifungua tena skrubu ya bakuli, na petroli ikatiririka.

Mtu yeyote aliyewahi kumimina maziwa ya kopo anaujua ukweli huu: kopo hutobolewa matundu mawili, kwa sababu kwa tundu moja maziwa hutoka kwa kudonoadonoa kisha hugoma. Pikipiki kama hii haina pampu ya mafuta. Petroli hushuka kwa uzito wake tu, na kila kiasi kinachotoka lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa kutoka nje. Hewa hiyo hupita kwenye njia nyembamba iliyojipinda ndani ya mfuniko, iliyotengenezwa hivyo ili petroli isimwagike pikipiki inapoinama. Kwa miezi 14 bandani vumbi lilikuwa limeingia humo na kugandishwa na utomvu wa petroli iliyokauka, kiasi kwamba njia haikuwa imeziba kabisa bali ilikuwa imebaki ndogo mno. Mjini, kwenye tambarare na resi ndogo, hewa iliyopenya ilitosha. Kwenye mlima, injini ilikunywa haraka kuliko hewa ilivyoweza kuingia, na mvuto uliojijenga juu ya petroli ukaizuia isishuke. Nilipokaa kusubiri, hewa ilipenya polepole, petroli ikashuka, bakuli likajaa, ikawaka.

Maelezo hayo yalijibu pia swali ambalo lilikuwa limenifanya nikishuku kituo: kwa nini ilizima siku ninapojaza tanki? Tanki lililojaa lina hewa kidogo sana juu ya petroli, kwa hiyo robo lita tu inapotoka, hewa hiyo kidogo hutanuka sana na mvuto wake huwa mkubwa. Tanki likiwa nusu, hewa ni nyingi, na robo lita hiyo hiyo hailisumbui sana.

Nilipomweleza Baba, alisema kwa utulivu kwamba yeye siku zote alikuwa akifungua mfuniko kila baada ya kupanda Kibosho. Nilikumbuka. Nilipokuwa mdogo nilimwona akifanya hivyo, na nilidhani anatazama mafuta yamebaki kiasi gani.

Mfuniko niliulowesha katika petroli usiku kucha ndani ya kopo lenye kifuniko, nikausafisha kwa mswaki wa zamani, kisha nikaweka mdomo na kupuliza upande wa ndani. Hewa inapaswa kupita bila kulazimishwa. Kazi yote haikunigharimu hata shilingi, baada ya kabureta na plagi nilizokwisha kuzinunua.

Ningependa kuandika kwamba pikipiki ilipona hapo, lakini chombo kilichokaa muda mrefu mara chache huwa na ugonjwa mmoja. Wiki iliyofuata ilipanda vizuri hadi petroli ilipopungua, nikageuza koki kwenda resevu, na ikaanza kumisi tena. Safari hii nilijua pa kuanzia. Nyumbani, uani, mbali na jiko, nilichomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, nikaelekeza mdomo wake kwenye chupa ya nusu lita, nikaacha mfuniko wa tanki wazi ili nisije nikarudi kwenye ugonjwa wa kwanza, nikafungua koki na kutazama saa. Mwanzoni petroli ilitoka vizuri. Dakika ya tatu ikawa uzi mwembamba, na ya tano ikawa matone.

Mtu anaweza kuuliza uzi mwembamba una ubaya gani, na jibu lake linapatikana kwa hesabu. Pikipiki inayotumia lita 3 kwa kilometa 100, ikienda kilometa 50 kwa saa, inahitaji lita 1.5 kwa saa, yaani mililita 25 kwa dakika, kama vijiko vitano vya chai. Kwenye mlima huhitaji zaidi, labda mara mbili ya hapo. Kwa hiyo mpira unaotiririka vizuri una akiba kubwa, na unaodondosha matone hauna chochote. Kinachopaswa kutazamwa ni mwenendo wenyewe: mtiririko unaoanza vizuri kisha ukafifia unasema kuna uchafu unaosogea taratibu na kulala juu ya chujio, wakati mtiririko ulio hafifu tangu mwanzo unaelekea zaidi kwenye mpira uliokunjika, koki iliyokufa, au chujio lililoziba moja kwa moja.

Ndani ya tanki, juu ya koki, kuna vinywa viwili: mrija unaosimama wima kwa ajili ya matumizi ya kawaida, na tundu la chini kwa ajili ya resevu. Ndiyo maana wakati wa resevu ndipo uchafu wote wa tanki huitwa mezani, pamoja na maji, ambayo ni mazito kuliko petroli na hukaa chini kabisa. Nilimwaga tanki, nikaifungua koki, nikakuta chujio lake la wavu limevaa tope la kutu la rangi ya matofali. Tanki lililoachwa nusu hupata jasho kwa ndani usiku wa baridi, hasa Juni na Julai, na jasho hilo ndilo mwanzo wa kutu.

Watu wengi hutia kokoto kwenye tanki na kulitikisa. Mimi nilitumia kipande cha mnyororo mwembamba, kwa sababu mnyororo hutoka wote ukiuvuta, ilhali kokoto moja daima hubaki. Baada ya hapo niliziba tundu la koki kwa raba na bolti, nikajaza siki ya kawaida ya dukani hadi juu, nikaiacha siku mbili. Koki yenyewe na mfuniko haviachwi kwenye siki, kwa kuwa asidi yake hula madini laini. Nilipoimwaga ilitoka nyeusi. Tanki likasuuzwa kwa maji yaliyoyeyushwa magadi, yale yale ambayo mama huweka kwenye maharage ya kiburu, ili kuiua asidi iliyobaki. Likasuuzwa tena kwa maji safi, likaanikwa juani midomo ikiwa wazi. Hapa hapana nafasi ya kuchelewa, kwa sababu chuma kitupu kilichooshwa hushika kutu mpya ndani ya saa chache. Mara tu lilipokauka nilitia petroli kidogo iliyochanganywa na oili ya injini, nikalizungusha pande zote, nikaimwaga, nikafunga koki na raba yake mpya.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote nilio nao. Tanki lililomwagwa petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lililojaa lina kimiminika na tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, huingia chini ya mlango, hufika kwenye jiko la mkaa lililo upande wa pili wa nyumba bila mtu kuuona. Kazi hii hufanyiwa nje, mchana, bila sigara, bila jiko, bila watoto. Na anayetaka kuziba tundu la tanki kwa kuchomea moto alipeleke kwa mtu anayejua kuliosha na kulijaza maji kwanza, au anunue jingine. Vilevile petroli haivutwi kwa mdomo. Tone likiingia kwenye mapafu, maumivu yake hayaishi siku hiyo.

Mpira wa mafuta nao niliubadilisha bila kufikiri mara mbili. Ule wa zamani ulikuwa mgumu kama ganda la muwa, umepasuka kwenye klipu. Mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, ule wa maji, hupendeza siku ya kwanza kwa sababu unaona petroli ikipita, lakini petroli huukausha ndani ya miezi michache. Mpira mpya nilioufunga ni wa petroli, mfupi, unaoteremka moja kwa moja bila kupanda popote, kwa maana mpira ulioachwa mrefu ukajikunja kwenda juu hutega hewa.

Baada ya haya yote ndipo nilipoigusa kabureta, na niligusa ile ya zamani. Ile mpya niliitoa, kwa kuwa nilikuwa nimeshajifunza kwamba haikuwa na kosa la kurekebisha, na kabureta ya awali, iliyotengenezwa kwa ajili ya injini ile, ilistahili nafasi ya kwanza. Skrubu za bakuli la pikipiki za Kijapani zina msalaba unaofanana na ule wa bisibisi za kawaida lakini haulingani nao sawasawa, na ndiyo sababu vichwa vyake vingi vimeliwa. Nilisukuma bisibisi kwa nguvu, nikaigonga mara moja kwa nyundo ndogo, kisha nikazungusha. Zote nne zikatoka. Ndani ya bakuli palikuwa na utomvu wa rangi ya kijani kibichi iliyofifia. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi huruka kwanza, na kinachobaki huganda kuwa kitu kama lami nyembamba. Kitu hicho huziba mahali padogo kuliko pote, na mahali hapo ni jeti ndogo, kipande chenye kitundu cha kupitishia petroli, inayolisha injini kwenye ile resi ya chini kabisa ambayo mafundi huiita sailensi.

Kutokana na hilo, ugonjwa wa kabureta hutambulika kwa mkono unaoshika resi. Pikipiki inayokataa kutulia sailensi, inayotaka choki muda wote, lakini inayokwenda vizuri ukiivuta, ina shida kwenye jeti ndogo na njia zake. Inayotulia vizuri, ikavuta hadi nusu, kisha ikakata ukiifungua yote, hiyo ina shida kwenye jeti kubwa au haipati petroli ya kutosha, kama ilivyokuwa yangu. Katikati ya hapo ndipo inapotawala sindano ndefu inayoning'inia kwenye slaidi, kipande kinachopanda ndani ya kabureta ukivuta resi. Kujua sehemu ipi ya resi inalia huokoa nusu ya kazi.

Jeti haichokolewi kwa pini wala waya wa chuma. Ni shaba nyeupe iliyochanganywa, laini, na tundu lake limepimwa kwa sehemu za milimita. Mkwaruzo mmoja hulipanua, na pikipiki itakunywa petroli kupita kiasi mpaka jeti ibadilishwe. Nilizilowesha jeti usiku kucha, nikachomoa uzi mmoja kutoka kwenye waya laini wa umeme wa shaba nyekundu, nikapitisha, nikapuliza kwa pampu ya tairi, kisha nikaielekeza kila moja juani. Tundu lililo safi huonyesha duara kamili la mwanga. La jeti ndogo lilikuwa limebakiza nusu ya mwezi.

Floti, yaani boya linaloelea ndani ya bakuli, na sindano yake, inayofunga petroli bakuli likijaa, zilinipa somo ambalo sikulitarajia. Kila asubuhi nilikuwa nikikuta doa la petroli chini ya pikipiki, nami nilikuwa nalipuuza. Nilipofungua kifuniko cha oili, oili ilinuka petroli na kina chake kilikuwa kimepanda. Sindano ya floti ilikuwa imechakaa ncha yake ikaacha mstari, kwa hiyo haikufunga. Usiku koki ikiwa wazi, petroli ilijaza bakuli, ikamwagika, na nyingine ikapita kwenye silinda hadi kwenye oili. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi kama maji na haiwezi kuzilinda beringi za krenki. Injini huweza kufa kwa sababu ya kipande kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele. Nilibadilisha sindano, nikabadilisha oili kabla ya kuiwasha, na tangu siku hiyo koki hufungwa kila ninapoegesha. Ili kupima kimo cha petroli ndani ya bakuli bila kubahatisha, nilichomeka mpira unaoonyesha ndani kwenye tundu la kumwagia lililo chini, nikaushika wima pembeni ya kabureta, nikafungua skrubu. Petroli hupanda kwenye mpira hadi kimo kile kile ilichonacho ndani, na inapaswa kusimama chini kidogo ya ukingo wa bakuli.

Lilibaki jambo la mwinuko, ambalo kwa watu wa mikoa yetu si dogo. Petroli huungua vizuri ikipata hewa yenye uzito wa mara 14.7 ya uzito wake. Kabureta haijui kupima uzito. Hupitisha kiasi kulingana na mvuto wa hewa inayopita. Moshi mjini tuko kwenye mita 800 hadi 900, ambako hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 8 kuliko Dar es Salaam; Arusha, kwenye mita kama 1,400, ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi; na kwenye lango la Marangu, zaidi ya mita 1,800, upungufu unafika asilimia 17. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani, ikiletwa huku, hutoa petroli inayozidi hewa: plagi huwa nyeusi yenye masizi makavu, ekzosi hunuka, na nguvu hupungua kuliko inavyopaswa. Hakuna kurekebisha kutakakoirudishia injini hewa ambayo haipo, lakini petroli inayozidi inaweza kupunguzwa.

Plagi yangu ilikuwa nyeusi. Sindano ya slaidi ina mifereji kadhaa juu yake, na klipu ndogo hukaa kwenye mmojawapo. Klipu ikipandishwa mfereji mmoja, sindano hushuka na petroli hupungua. Niliipandisha mmoja, si miwili. Kisha skrubu ya mchanganyiko, ambayo imewapotosha wengi kwa sababu si ya aina moja: ikiwa imekaa upande wa chujio la hewa, kuifungua huongeza hewa, ikiwa imekaa upande wa injini, kuifungua huongeza petroli. Kabla ya kuigusa, tazama imekaa upande gani. Niliifunga taratibu hadi ikagusa, bila kuikaza, nikaifungua mzunguko mmoja na nusu, nikaiwasha injini ikapata moto kamili, ndipo nikaitafuta sehemu ambayo sailensi inapanda juu zaidi na kutulia.

Haikutulia. Ilipanda yenyewe, ikashuka, ikapanda. Nilichukua maji ya sabuni, nikayapaka kwa brashi kwenye shingo ya raba iliyo kati ya kabureta na silinda, na mara yakanyonywa ndani, sailensi ikabadilika. Raba ilikuwa na ufa upande wa chini usioonekana. Nyingine ilipatikana kwa mtu anayeuza spea zilizotumika, nzima, ikiwa na oringi yake.

Katika kazi hiyo yote nilijiwekea sharti la kubadilisha kitu kimoja tu kwa siku na kukiandika kwenye daftari, pamoja na rangi ya plagi na mahali nilipopima. Lilikuwa sharti gumu, hasa jioni ambapo nilijua kasoro tatu kwa pamoja na mikono ilikuwa tayari imechafuka. Lakini siku nilipobadilisha sindano ya floti peke yake, nilijua kwa hakika kwamba doa la asubuhi lilitoweka kwa sababu hiyo na si nyingine.

Jumamosi moja ya Septemba nilijaza tanki Himo, kwenye kituo kile kile, hadi juu. Kulikuwa na ukungu na barabara ilikuwa na unyevu. Pale ilipokuwa ikizima nilipita nikiwa gia ya tatu, resi robo tatu, nikiusikiliza mlio mmoja usiobadilika. Karibu na Marangu Mtoni, ingali inavuta, nilikamata klachi na kuzima injini kwa pamoja, nikaiacha ijisogeze hadi pembeni, nikafunga koki. Nilifungua mfuniko wa tanki kwanza, haukutoa sauti. Kisha nikaitoa plagi kwa kitambaa, ikiwa bado ya moto. Kauri yake ilikuwa ya rangi ya kahawia, kama kahawa iliyotiwa maziwa. Nikaipiga picha, nikamtumia Baba.